Maki si shule ya wezi: nimetazama tena Examen d'État



Wiki iliyopita nimetazama tena filamu Examen d'État ya ndugu yetu Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. Ilitoka mwaka wa 2014. Mara ya kwanza niliiona kwenye kompyuta ya mwenzangu, tukiwa watu saba katika chumba kimoja cha wanafunzi, na tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tulikuwa tunajiona sisi wenyewe. Mara hii nilikuwa peke yangu na sikucheka. Nataka niwaeleze kwa nini, alafu niseme pia kitu ambacho filamu inakipita haraka, na ambacho sisi wenye diploma tunakipita haraka zaidi.

Kwa wale hawajaiona bado: tuko Kisangani, mwaka wa mwisho wa sekondari. Wale hawajalipa pesa ya walimu wanaitwa majina. Ukisikia jina lako, unabeba daftari, unatoka. Na mtihani wa serikali unakaribia. Basi vijana waliofukuzwa wanachanga pesa, wanakodi nyumba, wanaifanya maki. Pale wanasoma pamoja. Mmoja wao anabeba mizigo sokoni ili apate franga. Wanaenda kuombewa, kalamu zinabarikiwa. Wanatafuta pia njia ya kupata majibu kwa pesa. Alafu siku ya mtihani inafika.

Nguvu ya kwanza ya filamu ni kwamba Hamadi hatuhubirii. Hakuna sauti ya mtu anayetuelezea nani mbaya na nani mzuri. Kamera inakaa na vijana, inawafuata mtaani, inangoja. Unaona jasho, unaona aibu ya kuitwa jina mbele ya wengine. Kila mtu aliyesoma Kongo hii anajua ile aibu. Mimi naijua. Nilikuwa mwaka wa tano, hapa Bukavu, katika shule ambayo sitaitaja. Katikati ya somo la kemia mlango ulifunguka na orodha ikasomwa. Nilikuwa namba ya tatu. Mwalimu hakugeuka kutoka ubaoni. Labda naye alikuwa na aibu, kwa sababu ile pesa ilikuwa ni chakula chake.

Nguvu ya pili ni hiyo: filamu haimfanyi mwalimu kuwa adui. Prime ya walimu ina historia yake. Toka mwanzo wa miaka ya 1990, serikali ilipoacha mshahara wa mwalimu ukawa kama hakuna, wazazi ndio walibeba shule mgongoni. Ilikuwa dawa ya muda, ikawa mfumo. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure. Tulingoja mpaka Septemba 2019 ndipo ile bure ianze kutumiwa nchi nzima. Lakini tusome vizuri: ni shule ya msingi. Mtoto akifika sekondari, orodha inamngoja. Kwa hiyo msiseme filamu imezeeka.

Sasa tuingie ndani ya maki yenyewe, maana ndiyo moyo wa hii filamu na ndiyo sababu naandika.

Watu wengi wakiongea juu ya maki wanaona mambo mawili tu: vijana na wasichana kulala nyumba moja, na majibu ya kuibwa. Wazazi wanaogopa la kwanza, serikali inafukuzana na la pili. Filamu inaonyesha udanganyifu bila kuuficha, na ni haki yake. Lakini tujiulize udanganyifu ule unatoka wapi. Mtihani wa serikali ulianza mwaka wa 1967. Zile siku nne za kikao cha kawaida, yaani utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya opsheni, kazi kubwa ya mwanafunzi ni kuchagua jibu moja kati ya yale yaliyoandikwa. Ukipima akili ya mtu kwa herufi, basi herufi zitauzwa. Wanagawa karatasi kwa seri mbalimbali ili jirani asinakili kwa jirani, na wauzaji wanajibu kwa kuuza seri zote. Hakuna anayeweza kukuuzia namna ya kutengeneza injini. Herufi inauzwa kwa sababu inaingia katika meseji moja ya simu.

Hapo nakubaliana na filamu asilimia mia. Mahali tunaachana ni hapa: Hamadi ameiona maki kama mahali watu wanasukumwa na umaskini na rushwa. Ni kweli. Lakini maki ni kitu kingine pia. Ni darasa. Na kwa wengi wetu, lilikuwa darasa la kwanza tulilosikia kitu. Naandika "kusikia" vile tunavyosema hapa kwetu: kuelewa mpaka ndani.

Nitatoa mfano wangu. Nilisoma kemia-biolojia miaka mitatu bila kujua mole ni nini. Nilikuwa na daftari safi. Mwalimu alisoma, sisi tuliandika, siku ya interogasio tulirudisha maneno yake. Nilidubla mwaka wa nne kwa sababu ya hesabu na kemia. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Buletini iliandikwa poin chini, na nikakaa tena kwenye kiti kile kile, na mwalimu yule yule, na daftari lile lile. Hiyo ndiyo njia ya shule yetu ya kumsaidia anayeshindwa: kumpa mara ya pili kile kilichomshinda mara ya kwanza.

Mwaka wa sita tukakodi nyumba ya mbao kule Kadutu, vijana tisa. Kati yetu kulikuwa mmoja ambaye darasani alikuwa anakaa nyuma kabisa. Mama yake aliuza mayai. Kifaransa kilimtesa, akiulizwa kitu mbele ya darasa, alinyamaza, na walimu walimwita mzito. Usiku mmoja tulikuwa tunapigana na zoezi la mole. Akaangalia, akacheka, akasema: "Lakini hii ni plato ya mayai tu. Ikuwe ya kuku, ikuwe ya bata, plato ni plato, mayai makumi tatu. Kilo njo inabadirika."

Wandugu, ndani ya dakika mbili nikasikia kitu kilichonifukuza mwaka mzima. Idadi ni moja, uzito unabadilika kufuatana na kitu. Toka usiku ule akawa mwalimu wetu wa kemia, na kwa fizikia pia. Alikuwa anaeleza kwa Kiswahili, alafu mimi na mwingine tunaweka kwa Kifaransa kwenye karatasi, juu mtihani hauulizi kwa Kiswahili. Ukikosea, hakuna aliyecheka. Ukiuliza mara tano, anaeleza mara tano, kila mara kwa njia nyingine. Ukichoka unalala, ukiamka saa nane ya usiku unaendelea. Hakuna kengele.

Angalieni vizuri mambo yaliyokuwa pale. Lugha ya mtu. Mfano kutoka maisha yake. Muda wa kutosha. Kundi dogo. Kukosea bila aibu. Watu wakikaa katika semina juu ya shule mbadala kwa wanafunzi wanaoshindwa darasani, wanaandika mambo hayo hayo kwenye karatasi kubwa. Sisi tulikuwa nayo bila kujua jina lake, katika nyumba inayovuja, na tulilipa wenyewe. Katika Examen d'État mambo hayo yapo pia, pembeni ya picha: vijana wameinama juu ya daftari moja, mmoja anaeleza, wengine wanasikiliza. Lakini filamu haikai pale muda mrefu. Inakimbilia kalamu za kubarikiwa na majibu ya kununua, kwa sababu ndivyo vinavyoshangaza. Kujifunza hakushangazi kwenye skrini. Hiyo ndiyo lawama yangu ya kwanza.

Lawama ya pili: filamu inaanza mwaka wa mwisho. Wale tunaowaona wamekwisha kupita mitego mingi. Wako wapi wale walioacha katika mwaka wa tatu wa msingi, wale waliodubla mara mbili wakaona wadogo zao wanawapita, wasichana waliobaki nyumbani? Filamu moja haiwezi kubeba nchi nzima, najua. Lakini tukitazama finaliste tu, tutaamini kwamba tatizo la shule ni pesa peke yake. Kuna mtoto ambaye hata ukimlipia kila kitu, darasa lile litamshinda, kwa sababu darasa limetengenezwa kwa mtoto mmoja tu: yule anayekaa kimya, anayeandika haraka, na aliyeanza kusikia Kifaransa nyumbani.

Kwa wale watoto serikali ina jibu, na wengi wetu hatujui hata liko wapi. Ni vituo vya kurekebisha masomo, vile vinavyoitwa CRS. Mtoto aliyevuka umri, au aliyekatishwa na vita, ukimbizi au umaskini, anasoma miaka sita ya msingi ndani ya miaka mitatu, alafu anafanya mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi pamoja na wengine. Ni wazo zuri sana. Lakini angalieni liko chini ya nani: haliko chini ya wizara ya elimu, liko chini ya wizara ya mambo ya kijamii, pamoja na mambo ya msaada. Hata kabla ya kufungua kitabu, mtoto amekwisha kuambiwa kwamba yeye ni wa kuhurumiwa.

Nilienda kuona kituo kimoja. Darasa la kuazima, saa za mchana, wakati wenye shule wamerudi nyumbani. Msichana wa miaka 14 alikuwa anasoma silabi, kidole kwenye ubao, bila aibu, na wenzake wanangoja. Nilifurahi. Alafu saa iliyofuata mwalimu akaanza kusoma daftari lake na watoto wakaanza kunakili, mbio mbio, kwa sababu programu ni ndefu na miaka ni mitatu. Nikajiona mimi mwenyewe mwaka wa nne. Hiyo si shule mbadala. Ni dawa ile ile kwa kijiko kikubwa. Simlaumu mwalimu yule. Hakuna aliyemfundisha njia nyingine, na anapata kitu kidogo mno. Nalaumu wazo kwamba mtoto aliyeshindwa anahitaji tu mwendo wa haraka. Anachohitaji ni plato ya mayai.

Na tusiseme lugha ni jambo dogo. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014, mwaka ule ule wa filamu, inakubali lugha za taifa kuwa chombo cha kufundishia. Kiswahili kimo, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Ruhusa tunayo kwenye karatasi. Lakini ni shule ngapi za mjini unazozijua ambapo mtoto akisema Kiswahili darasani bado anaadhibiwa? Na ni nani anayepigia makofi adhabu hiyo? Ni sisi wazazi na wakubwa, tunaotaka mtoto aongee Kifaransa mbele ya wageni.

Sasa nije kwa yule wa mayai, maana bila yeye yote haya ni maneno matupu.

Matokeo yalipotoka, kati ya vijana tisa, sita tulipita. Tulimwagiwa poda, tuliimba barabara nzima. Yeye hakupita. Aliyetufundisha kemia hakupata 50% ya kupata diploma. Disertasio na Kifaransa vilimkata miguu. Siku ile alikuja kwangu, akanipaka poda yeye mwenyewe, akasema, "Felisitasio, yaya." Mimi ni mdogo kwake kwa mwaka mmoja. Aliniita yaya kwa sababu toka siku ile, machoni pa watu, mimi nilikuwa mkubwa.

Alienda kwenye atelie ya kuunga chuma. Leo ana vijana sita wanaojifunza kwake. Nimekaa pale siku nzima nikimwangalia. Anaeleza, anaonyesha, anamwachia kijana ajaribu, kijana anaharibu, anacheka naye, wanaanza tena. Ni maki ile ile, bila mtihani mwishoni. Wawili kati ya wale sita walifukuzwa shule mbili mbili. Kwake wanapima, wanagawa, wanahesabu pembe za mlango bila kalkuleta.

Mwaka juzi aliniomba kitu kimoja. Kuna mlango wa wale wanaojisomea, wale wanaoitwa otodidakte, wanaofanya mtihani wa serikali bila kukaa darasani. Alitaka kujaribu tena. Hakuomba pesa. Aliomba nimsaidie na karatasi za kujiandikisha, na nikae naye jioni mbili kwa juma kwa ajili ya Kifaransa na disertasio. Nikasema ndiyo. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na mikutano, pamoja na mikutano ya chama chetu hiki. Niliahirisha wiki moja, alafu nyingine. Alipopiga simu mara ya mwisho, tarehe ya kujiandikisha ilikuwa imepita. Alisema tu, "Hakuna shida, yaya." Hajaniomba tena.

Kwa hiyo sikucheka kwenye filamu. Nikitazama wale vijana wa Kisangani nilikuwa najiuliza: ni nani kati yao alikuwa mwalimu wa wengine, na baada ya poda aliishia wapi? Filamu haiulizi hivyo. Lakini mimi sina haki ya kuilaumu sana, maana mimi nilijua jibu na sikufanya kitu.

Najua wengine watasema: unasifu maki, kesho watoto wataacha shule wote. Hapana. Maki ina ubaya wake, na filamu haikutudanganya. Mtoto wa miaka 17 hapaswi kubeba magunia ili ajikodishie darasa. Msichana hapaswi kuchagua kati ya usalama wake na kusoma usiku. Na maki ina mlango mmoja tu wa kutokea, ule wa diploma. Ndiyo maana kila kitu kizuri ndani yake kinaishia kuwa biashara ya herufi. Ninachosema ni kwamba tusichome nyumba yote juu ya panya. Njia ya kufundishana tuibakize. Wizi tuutupe. Na mlango wa pili tuufungue.

Nani atafungua? Serikali ina deni lake, na tusiache kuidai: mshahara wa mwalimu, CRS chini ya wale wanaojua kufundisha, lugha zetu darasani si kwenye sheria tu. Lakini chama chetu kina watu waliosoma pedagojia, hesabu, sayansi, sheria, na wengi wetu jioni tuko bure tukipitisha kidole kwenye simu. Sisi wenyewe tulipita kwa sababu kuna mtu alitueleza bila kulipwa.

Napendekeza kitu kidogo, kisichongoja bajeti wala mfadhili. Kila mmoja amkumbuke mtu wake wa maki, yule aliyeeleza na hakupita. Amtafute. Amuulize kama bado anataka. Akitaka, jioni mbili kwa juma. Akiwa hataki tena, basi tumwalike yeye aje kuwafundisha finaliste wetu, na akae meza ya mbele kama wengine, bila kuulizwa lisansi.

Mimi nimempigia yule wa mayai juzi Jumapili. Nilimwambia nimeona filamu, nikamwomba msamaha kwa ile tarehe. Akanyamaza kidogo. Alafu akauliza: "Bon. Tunaanza siku gani?"

Tumeanza jana. Disertasio ya kwanza ni mbaya sana. Lakini kuna sentensi moja ndani yake, juu ya chuma kinavyokuwa laini kikipata moto wa kutosha, ambayo mimi mwenye diploma nisingeweza kuiandika.